Ulianza Kikorea kwa mzuka, wiki ya nne umeacha? Tatizo sio kichwa chako

Umeangalia sizoni ya Kikorea mpaka saa nane usiku. Kesho yake ukapakua programu ya kujifunza lugha na kuwatangazia watu kwenye grupu la WhatsApp kwamba ikifika Desemba utakuwa unaangalia bila kusoma maandishi ya chini. Wiki mbili za kwanza mambo moto. Wiki ya nne programu inakutumia ujumbe wa kukukumbusha, wewe unaufuta bila hata kuufungua.

Kama hiyo ni hadithi yako, hauko peke yako. Na huenda umeshajihukumu: "Mimi sina kichwa cha lugha."

Hebu jiulize kwanza, unasoma makala haya kwa lugha gani? Wasomaji wengi wa Kiswahili wana lugha nyingine ya nyumbani, iwe Kisukuma, Kihaya, Kikamba au Kidigo. Juu yake kuna Kiingereza cha shule. Mtu mwenye lugha tatu kichwani hawezi kusema hana kichwa cha lugha. Kilichokwama ni kitu kingine, na kinarekebishika.

Lugha isiyo na mtihani

Kiingereza ulijifunza kwa sababu hukuwa na ujanja. Kulikuwa na mwalimu, kipindi kwenye ratiba na mtihani wa taifa. Shule nyingine zilikuwa na adhabu kabisa kwa anayeongea Kiswahili au lugha ya nyumbani. Lugha ya mtaani nayo ulidaka kwenye mpira, dukani na kwenye ugomvi wa watoto, bila kujua kama unajifunza.

Kikorea cha hobi hakina hata kimoja kati ya hivyo. Ukiacha leo, hakuna mzazi atakayeitwa shuleni. Hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo hatari yake pia: msukumo wote lazima utoke kwako.

Watafiti wawili wa Kanada, Robert Gardner na Wallace Lambert, walilichunguza jambo hili kwa wanafunzi wa Montreal waliokuwa wakijifunza Kifaransa, wakachapisha matokeo mwaka 1959. Walitofautisha sababu mbili za kujifunza. Ya kwanza ni faida, kama kazi au cheti. Ya pili ni kutaka kuwa karibu na watu wenye lugha hiyo na maisha yao. Kwenye utafiti ule, waliosukumwa na sababu ya pili ndio waliofanya vizuri zaidi. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba faida nayo inaweza kumsukuma mtu sana, lakini somo kwa mtu wa hobi ni hili: kuipenda sizoni sio upuuzi. Ndiyo mafuta ya gari lako.

Shida huanza pale unapokiacha kile kilichokuleta, ukabaki na mazoezi ya programu tu, unatafsiri sentensi kuhusu matufaha na paka wakati ulikuja kwa ajili ya wale wapenzi wawili kwenye mvua.

Kwa nini mwanzo ni mtamu

Kikorea kina mtego mmoja mzuri: kinaanza kwa ushindi.

Maandishi yake, Hangul, yalibuniwa wakati wa Mfalme Sejong na kutangazwa rasmi mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, maana kabla ya hapo Wakorea walitegemea maandishi magumu ya Kichina. Leo yana herufi za msingi 24 tu. Kila silabi inapangwa kwenye kiboksi chake.

Jaribu sasa hivi. ㄴ inasomeka "n". ㅁ ni "m". ㅏ ni "a" na ㅜ ni "u". Kwa hiyo 나 ni "na", na 무 ni "mu". Ukiziweka pamoja, 나무, unapata "namu". Hilo ni neno halisi la Kikorea, maana yake "mti". Na 나 peke yake maana yake ni "mimi".

Umesoma maneno mawili ya Kikorea ukiwa kwenye simu, labda umekaa kwenye daladala. Mtu akitulia, siku chache zinamtosha kujua herufi zote. Ndiyo maana wiki ya kwanza unajiona jiniasi.

Halafu unagonga mwamba

Baada ya herufi, kasi inapungua ghafla.

Kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi. Sisi tunasema "nakula wali", wao wanapanga "mimi wali nakula". Kwenye sizoni, mtu anaongea sentensi ndefu na hujui kama amependa au amechukia mpaka afike mwisho.

Namba ziko seti mbili, moja ya Kikorea chenyewe na nyingine yenye asili ya Kichina. Wakitaja muda, saa wanaihesabu kwa seti ya kwanza na dakika kwa seti ya pili. Inachosha, ingawa na sisi hatuna haki sana ya kulalamika: moja, mbili na tatu zetu ni za Kibantu, lakini sita, saba na tisa zina asili ya Kiarabu.

Halafu kuna heshima. Rafiki yako unamsalimia "annyeong", mtu usiyemzoea "annyeonghaseyo", na vitenzi vinabadilika mwisho kulingana na unayeongea naye. Hapa Mswahili ana nafuu kubwa. Aliyekua akijua nani wa kumwambia "mambo" na nani wa kumwamkia "shikamoo" hashangai kabisa. Hata kumwita mgeni kwa jina la undugu tunafanana: sisi mama lishe tunamwita "mama" au "dada" hata kama hatumjui, na Mkorea kwenye mgahawa anaweza kumwita mhudumu "imo", yaani dada wa mama yake, kwa lugha yetu mama mdogo au mama mkubwa.

Kwa hiyo ukikwama hapa, sio kwamba akili imegoma. Umetoka kwenye sehemu rahisi umeingia kwenye lugha yenyewe. Kila anayejifunza anapita hapo.

Hesabu ambayo hakuna aliyekuambia

Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, Foreign Service Institute, inakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kama saa 2,200 za darasani kufikia kiwango cha kufanyia kazi kwa Kikorea. Kwa Kiswahili inakadiria kama saa 900.

Sasa piga hesabu. Ukisoma dakika 30 kila siku bila kukosa, saa 2,200 ni miaka 12.

Usifunge ukurasa. Hizo ni saa za mtu anayekwenda kujadili mikataba, sio za mtu wa hobi. Lakini zinaonyesha kwa nini lengo la "nitajua Kikorea ikifika Desemba" linaua mzuka: kila ukijipima unajikuta uko mbali, wakati ukweli ni kwamba unasogea.

Lengo dogo lina hesabu nyingine kabisa. Mtihani wa kimataifa wa Kikorea, TOPIK, una ngazi sita, na ngazi ya kwanza inahitaji kama maneno 800 ya msingi. Kwa maneno matano kwa siku, hiyo ni siku 160, miezi mitano na kidogo. Sio lazima ufanye mtihani. Jua tu kwamba ngazi ya kwanza iko karibu.

Mambo matano ya kukushikilia

1. Chukua kipande kimoja cha sizoni, kitumie wiki nzima. Dakika mbili zinatosha. Siku ya kwanza angalia na maandishi ya chini. Siku zinazofuata yatoe, andika kila neno unalolidaka. Jumatatu utadaka matatu, Jumapili labda 15. Hapo unayaona maendeleo kwa macho yako, na bado uko na watu wale wale uliowapenda. Ukikipakua mapema kwenye wifi, bando halikuhusu.

2. Rudia kwa kuachia nafasi. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya siku moja, karibu theluthi mbili ya kazi aliyofanya ilikuwa imepotea. Dawa ni kurudia kabla hujasahau kabisa: kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, halafu wiki mbili. Programu ya Anki inakupangia hivyo, na kwenye simu za Android ni bure na inafanya kazi bila intaneti. Huna nafasi kwenye simu? Kata karatasi ya manila vipande vidogo, Kikorea upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Ukipata, kadi inasogea kwenye bahasha ya kurudiwa baadaye. Ukikosa, inarudi kwenye bahasha ya kesho.

3. Usiabudu mfululizo wa siku. Programu kama Duolingo zinakuhesabia siku ulizosoma bila kukosa. Zinasaidia, ila namba ile inapima kama ulifungua programu, haipimi kama unaelewa. Na siku umeme umekatika na chaji imeisha, siku 80 zikarudi sifuri, wengi wanaacha moja kwa moja. Mwaka 2009, watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya za kula, kunywa au mazoezi. Muda wa tabia kuzoeleka ulikadiriwa kuanzia siku 18 hadi 254, katikati ikiwa siku 66. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo ukikosa jana, rudi leo. Siku mbaya soma kadi tatu tu, ilimradi hujaacha.

4. Jirekodi kila mwisho wa mwezi. Dakika moja ya sauti kwenye simu inatosha: jitambulishe, sema umekula nini, unaishi wapi. Usiifute. Baada ya miezi mitatu sikiliza ya kwanza na ya mwisho. Maendeleo ya lugha ni kama urefu wa mtoto, anayekaa naye kila siku haoni akikua.

5. Tafuta mtu. Lugha ya kuongea na simu pekee inachosha. Anza na rafiki mmoja mnayeipenda sizoni ile ile, mtumiane sauti. Kuna pia programu za kubadilishana lugha kama HelloTalk na Tandem, unamfundisha mtu lugha yako naye anakufundisha yake. Usidhani Kiswahili hakina soko huko: Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni mjini Seoul kinafundisha Kiswahili. Yaani kuna kijana wa Kikorea anayehangaika na ngeli zetu kama wewe unavyohangaika na vitenzi vyake. Tahadhari moja: mtu wa mtandaoni akianza kuomba hela au picha za faragha, hapo somo limeisha. Mfungie.

Na kama kweli umechoka?

Hobi sio ndoa. Una haki ya kuacha, na hakuna anayekudai maelezo.

Ila kabla hujaacha, tofautisha kuchoka na kutopenda. Jiulize swali moja: bado unaziangalia sizoni zenyewe? Kama huziangalii tena na muziki wao haukugusi, basi mapenzi yameisha, tafuta lugha nyingine au hobi nyingine kwa amani. Herufi ulizojifunza hakuna atakayekunyang'anya.

Lakini kama bado unaangalia mpaka usiku wa manane, na bado unashtuka kwa furaha ukidaka neno kabla ya maandishi kutokea, basi kilichokuchosha ni njia, sio lugha. Badilisha njia. Leo kabla ya kulala, chukua dakika mbili za sizoni unayoipenda, ficha maandishi ya chini, uhesabu maneno uliyoyadaka. Andika hiyo namba mahali. Hata kama ni moja.