Vidonge vya damu: mtoto akitulia, wewe usitulie

Mjamzito anayehudhuria kliniki nchini Uganda, awe mkimbizi wa Nakivale au mkazi wa Kakoba mjini Mbarara, hupewa vidonge vya kuongeza damu. Ni dawa njema, kwani upungufu wa damu huhatarisha maisha ya mama na mtoto aliye tumboni. Hatari iko kwa yule mdogo anayetambaa nyumbani: vidonge vingi ni vyekundu na vimepakwa sukari, naye huviona peremende.

Kidonge kimoja huwa na takriban miligramu 60 za madini ya chuma. Dalili za sumu zinaweza kuanza mtoto akimeza miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Zikizidi miligramu 60 kwa kila kilo, maisha yake yamo hatarini. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge vinne vyatosha kumdhuru, na zaidi ya kumi vyaweza kumuua.

Kwa kawaida utumbo hupokea chuma kwa kipimo. Akiba ikitosha, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo huuzuia utumbo usiendelee kukipitisha. Vidonge vingi kwa mkupuo mmoja huunguza utando wa tumbo na utumbo, kizuizi kikavunjika, na chuma kikamiminika ndani ya damu kikaharibu ini na moyo.

Je, tunaweza kukizuia kisifyonzwe? Wengi wanajua kwamba chai na maziwa hupunguza ufyonzaji wa chuma, ndiyo maana mjamzito hushauriwa asivimezee vidonge hivyo kwa chai. Lakini kinachozuia chuma kidogo cha mlo hakiwezi kuzuia rundo la vidonge. Hata unga wa mkaa unaotumika hospitalini kunasa sumu nyingine haunasi chuma. Wala usimtapishe mtoto kwa kidole au maji ya chumvi, anaweza kupaliwa.

Njia yenye manufaa ni kuviondoa vidonge kabla havijayeyuka. Picha ya eksirei mara nyingi huvionyesha. Daktari hupitisha mpira puani hadi tumboni, kisha humpa mtoto maji maalumu yenye polithilini glikoli, yanayosafisha utumbo wote hadi choo kitoke maji meupe. Kwa chuma kilichokwisha kuingia damuni, ikiwa sumu ni kali, hutumika dripu ya deferoksamini, ambayo hukishika na kukitoa kwa mkojo.

Mtego mkubwa uko kwenye saa. Katika saa sita za kwanza mtoto hutapika na kuharisha, pengine damu. Kisha anaweza kutulia, hata akaomba chakula, na wazazi wakaghairi safari ya hospitali. Baada ya hapo, ndani ya siku moja au mbili, hali hubadilika ghafla: presha hushuka, ini hushindwa kazi. Kwa hiyo mpeleke kituo cha afya mara moja, ukiwa na pakiti na idadi ya vidonge vilivyopungua, ili apewe rufaa ya haraka kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara.

Mwaka 1997 Marekani iliagiza vidonge vyenye chuma kingi vifungwe kimoja kimoja, na vifo vya watoto vikapungua sana. Kwetu bado vingi hugawiwa katika vimfuko vya plastiki. Mhudumu anayevigawa na aongeze sentensi moja: mama, viweke kwenye kopo lenye mfuniko mgumu, ulining'inize darini. Katika nyumba ya chumba kimoja hilo linawezekana, na linaokoa kuliko dripu yoyote.