Mfuniko wa Sufuria na Harufu ya Karafuu

Usiku wa kuamkia Idd, katika mtaa wa Gongoni mjini Tabora, jirani aweza kujua kinachopikwa nyumba ya pili kabla hajabisha hodi. Harufu ya karafuu, iliki na mdalasini imekwisha kumfikia. Harufu hiyo husifiwa sana. Lakini kilichofika puani mwa jirani ni sehemu ya kinywaji ambayo haitafika kikombeni.

Kinywaji chenyewe ni maji ya moto, viungo na asali. Asali ni ya misitu ya miombo ya Unyamwezi. Karafuu ni zao la Unguja na Pemba, visiwa ambavyo pwani yake iliunganishwa na Tabora kwa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, na baadaye kwa reli iliyofika mjini humo mwaka 1912.

Ladha ya karafuu hutokana hasa na mafuta yaitwayo yujenoli, ambayo huchemka katika nyuzi 250 hivi za Sentigredi. Mwanafunzi atauliza: yawezaje basi kutoroka katika sufuria ya maji? Jibu ni kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Vikipashwa moto pamoja, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na mvuke wa maji huyachukua mafuta njiani. Ndiyo kanuni itumikayo katika kiwanda cha makonyo huko Wawi, Pemba: mvuke hupitishwa katika makonyo ya karafuu, hupozwa, na mafuta hukusanywa. Sufuria isiyofunikwa ni kiwanda cha namna hiyo kilichokosa kipozeo.

Mfuniko, basi, ndio kipozeo cha jikoni. Mvuke ukiugusa hugeuka matone na kurudi chini pamoja na mafuta yake. Darasani jambo hili laweza kuonyeshwa kwa kuchemsha sufuria mbili zenye viungo sawa, moja imefunikwa na nyingine wazi, kisha kuonja.

Kwa lita moja ya maji zatosha karafuu nne, iliki nne zilizopondwa, kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole na tangawizi mbichi kiasi cha dole gumba. Tangawizi kavu ipunguzwe, kwani inapokauka jinjeroli yake hugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko katika nyuzi 96 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Kwa hiyo viungo viachwe motoni dakika kumi hadi kumi na tano, moto ukiwa mdogo.

Asali huingia mwisho, baada ya sufuria kuepuliwa na kupoa kiasi cha kunyweka. Ikichemshwa, harufu yake ya maua hupotea na vimeng'enya vyake huharibika. Wajerumani, ambao hupasha mvinyo wenye viungo wakati wa Krismasi, nao huuzuia usichemke, kwa kuwa alkoholi huchemka katika nyuzi 78 tu.

Watoto wa chini ya mwaka mmoja wasipewe kabisa kinywaji hiki. Asali yaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo huweza kuota katika utumbo wa mtoto mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli, na joto la jikoni haliziui.