Mbu wa Mchana Si Mbu wa Usiku: Wajue Wadudu wa Mtaani Kwako

Anayekuuma kwenye kifundo cha mguu saa nne asubuhi, ukiwa umekaa barazani, si yule anayekuamsha saa nane za usiku. Wote tunawaita mbu na wote tunawapiga kofi, lakini mazalia yao ni tofauti, saa zao za kula ni tofauti, na kila mmoja ana maradhi yake. Duniani kuna aina zaidi ya 3,000 za mbu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, inatosha kuanza na makundi matatu.

Anofelesi ndiye wa malaria. Huuma zaidi usiku, na akitua ukutani huinamisha kichwa na kuinua mkia juu. Hutaga kwenye madimbwi ya mvua yanayopigwa na jua, kwenye nyayo za ng'ombe na majaruba ya mpunga. Zipo aina nyingine zenye tabia tofauti: Anopheles stephensi, mgeni kutoka Asia anayependa matangi ya maji ya mijini, alionekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia na Kenya.

Kuleksi hapendi usafi. Yeye ni wa mashimo ya vyoo, makaro na mitaro iliyoziba. Ile kelele ya sikioni usiku mjini mara nyingi ni yake, na huku pwani ndiye msambazaji mkuu wa minyoo ya matende na mabusha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki zinazoelea ndani ya vyoo vya shimo. Punje zikafunika maji, viluwiluwi wakakosa hewa, na pamoja na dawa za kumeza walizopewa wakazi, ugonjwa ulipungua sana. Kazi hiyo isingewezekana bila kujua kwanza mbu yule anazaliwa wapi.

Wa tatu, aedesi, ni mweusi mwenye mikanda myeupe miguuni. Huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimsumbui. Ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952. Makazi yake ni ndoo, pipa, tairi kuukuu, kifuu cha nazi. Mayai huyabandika ukingoni, juu kidogo ya usawa wa maji, nayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kuta za ndani za pipa lazima zisuguliwe.

Unataka kujua nyumbani kwako yupo nani? Chota maji yaliyotuama kwenye chupa angavu, uyaache yatulie. Viluwiluwi wanaolala sambamba na uso wa maji ni wa anofelesi. Wanaoning'inia kichwa chini, wakipumua kwa mrija wa mkiani, ni wa kuleksi au aedesi. Ukishatazama, mwaga maji hayo kwenye udongo mkavu.

Chupa hiyo inaweza pia kukuonyesha washirika wako. Watoto wa kerengende huishi majini na huwala viluwiluwi. Yupo hata mbu mkubwa, anayeitwa toksorinkitesi, ambaye akiwa mdogo hula viluwiluwi wa mbu wengine na akikua hunywa maji matamu ya maua, si damu. Dawa ya kupuliza haiwabagui hawa na maadui zako, na binafsi naona tunaipuliza ovyo mno.

Mvua zikizidi, mtazame na yule mbawakawa mwembamba, rangi ya chungwa na nyeusi, ambaye Kenya wamemzoea kwa jina la Nairobi fly. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, aliwasumbua watu wengi huko. Haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, na inakupata pale unapomponda. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, ndipo watu humsingizia buibui au mkojo wa mjusi. Shambani ana faida, maana hula wadudu waharibifu.

Akitua mwilini mwako, mpulize aondoke. Ukiwa umeshamponda, osha hapo hapo kwa sabuni na maji mengi, wala usijifute usoni kwa mkono huo. Usiku punguza taa zinazowaka karibu na madirisha, kwa kuwa hufuata mwanga. Na sumu ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi na uende kituo cha afya. Wala usipake dawa ya meno kwenye malengelenge; iache bafuni.