Kifo cha Msafiri Kisizikwe na Habari Yake

Lusangi, mashariki mwa Kongo, na maeneo jirani ya Kabambare na Kasongo ni nchi ya watu wanaosafiri. Vijana huenda Namoya kuchimba dhahabu, wengine huvuka kuingia Kivu Kusini, na wafanyabiashara hufuata bidhaa mpaka Ziwa Tanganyika. Baadhi yao hurudi wakiwa wagonjwa. Anayefia nyumbani huweza kuzikwa kabla muuguzi hajapata habari, na jamaa husema ni malaria. Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini Ebola na Marburg nazo huanza kwa homa na maumivu ya mwili. Kwa hiyo kila kifo cha mtu aliyetoka safari akiugua kiripotiwe siku hiyohiyo, hata kama marehemu hakufika kituo cha afya.

Kongo imeshaona tofauti ya kujua mapema na kuchelewa. Huko Durba, kaskazini-mashariki, wachimbaji dhahabu walianza kufa kwa Marburg mwaka 1998, lakini mlipuko ulitambuliwa mwaka 1999, baada ya daktari naye kufa. Kufikia mwaka 2000 wagonjwa walikuwa 154, na 128 kati yao walifariki. Kinyume chake, Agosti 2019, mama aliyesafiri kutoka Beni, palipokuwa na Ebola, alifia Mwenga, Kivu Kusini. Vipimo vilithibitisha Ebola, waliokutana naye wakafuatiliwa, na ugonjwa ukazimwa hukohuko Mwenga.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huu utawanyanyapaa wachimbaji, utachelewesha mazishi, na hautafaa kitu mahali ambapo maabara iko mbali. Hofu hizo zina msingi, hasa kwa familia za Kiislamu zinazotaka kuzika mapema. Lakini si lazima kila maiti ipimwe. Kwa wengi yatosha maswali machache kwa heshima: alitoka wapi, aliugua lini, dalili zilikuwa zipi, nani alimuuguza? Penye kutokwa damu, au vifo viwili katika nyumba moja, mhudumu aliyevaa kinga achukue sampuli ya mdomoni kwa usufi kabla maiti haijaoshwa, maana kuosha ndiko kunakoambukiza sana. Maabara ikiwa mbali, majibu ya maswali hayo bado yanaonyesha nani wa kufuatiliwa. Na unyanyapaa hukua zaidi pale watu wanapobaki kubahatisha chanzo cha kifo. Taarifa hiyo isiishie kwenye zoni ya afya alikofia. Ipelekwe pia kwenye machimbo alikotoka, kwa sababu wenzake bado wako huko, na huenda homa imeshawaanza.