Je, Wajua? New York na ukoo wa herufi W

Je, wajua kwamba mwaka 1992 jiji la New York, pamoja na maghorofa yake yote, liliandikisha wagonjwa 3,811 wa kifua kikuu? Kati yao 441 walikuwa na TB sugu, ile isiyosikia isoniazidi wala rifampisini.

Je, wajua kwamba vimelea vya TB navyo vina alama za vidole? Ndani ya vinasaba vyao kuna kipande kinachorukaruka na kujinakili, na kila ukoo wa vimelea una mahali pake ulipokipachika. Maabara hukatakata vinasaba hivyo, huvisukuma kwa umeme ndani ya jeli, na mwishowe hutokea michirizi kama ile ya pakiti ya majani ya chai inayosomwa na mashine ya supamaketi. Michirizi ya wagonjwa wawili ikilingana, huenda waliambukizana au walipata kwa mtu mmoja.

Kwamba koo hizo zilipewa herufi? Uliotisha New York ni ukoo W, wenye michirizi 18 na usugu kwa dawa nne au zaidi. Kati ya 1990 na 1993 ulihesabiwa kwa wagonjwa 267. Wengi waliishi na VVU, na wengi waliupata wodini, walikokwenda kutafuta nafuu.

Kwamba michirizi imewahi kumsafishia mgonjwa jina? Mtu anatibiwa TB ya kawaida, makohozi yanakuwa safi, kisha anarudi na TB sugu. Kauli inayowahi mdomoni ni moja: huyu alikuwa hamezi vidonge. Mwaka 1993 watafiti walilinganisha vimelea vya awali na vya baadaye vya wagonjwa wa aina hiyo katika hospitali moja ya New York, wakakuta kwa baadhi yao ni koo mbili tofauti kabisa. Walikuwa wameambukizwa upya. Neno “mtoro”, kwa maoni yangu, sisi hulitoa upesi mno.

(Anayetaka kujua kama rifampisini imemezwa aangalie mkojo: hugeuka rangi ya chungwa.)

Kwamba Tanzania imo katika kisa hiki? Dk. Karel Styblo, aliyejenga mpango wa TB wa Tanzania tangu miaka ya 1970, alifika New York na kumuuliza Dk. Tom Frieden, aliyeongoza vita dhidi ya TB jijini: kati ya wale 3,811, umeponya wangapi? Frieden mwenyewe husimulia kwamba hakuwa na jibu. Katika vita hiyo, wahudumu wa jiji waliwafuata wagonjwa majumbani na vijiweni, wakiwatazama wakimeza dawa.

Kwamba kimelea cha TB hujigawa mara moja kwa takriban saa 20, wakati bakteria wa tumboni huhitaji dakika 20? Ndiyo maana kukiotesha huchukua wiki kadhaa. Mashine ya GeneXpert hutambua usugu wa rifampisini kwa saa 2, ila haisemi nani alimwambukiza nani.

Kwamba siku hizi husomwa herufi zote za vinasaba, milioni 4.4? Hubadilika kama moja kila miaka miwili.

Na kwamba alama hizo za vidole zimewahi kugundua wagonjwa wasio na TB kabisa? Sampuli yao ilikuwa imechafuliwa maabara na ya jirani.