Tuhesabu Meza Kabla ya Kununua Mashine

Mwezi wa nne ukifika, kahawa inaiva kwa wingi na katika koperative nyingi linarudi neno moja: tutafute mashine ya pili ya kumenya. Mbele ya kuchukua deni, tuhesabu kwanza meza za kukaushia.

Kituo cha kuosha kahawa ni kiwanda sawa vile viwanda vingine. Kazi inapita mahali pane: mapokezi, mashine, basini, meza. Ile sehemu yenye kwenda polepole kuliko zote ndiyo inaamua kituo kizima kitatoa kahawa ngapi. Ukiharakisha zingine, unarundika tu kahawa mbele yake.

Tuseme kituo kina mashine inayomenya kilo 1000 kwa saa. Kina meza 30, na kila meza inabeba kahawa iliyotoka katika kilo 500 za matunda. Kahawa inakaa mezani siku 15. Gawanya 30 kwa 15: kila siku meza 2 tu zinakuwa wazi. Basi kituo kinaweza kupokea kilo 1000 kwa siku. Mashine inazimaliza kwa saa moja, kisha inalala.

Na wakipokea kilo 3000 kila siku? Wanajaza meza 6 kwa siku. Siku ya tano zote zimejaa. Siku ya sita kahawa inabaki ndani ya basini na kuchacha kupita kiasi, ama inapangwa nene mezani na kuota ukungu. Mlimaji alileta matunda mekundu, mazuri, lakini bei inaanguka. Hasara ni ya wote.

Tunashauri hivi:

1. Kila jioni karani ahesabu meza zitakazokuwa wazi, azidishe na kilo za meza moja. Hicho ndicho kipimo cha kununua. Wakusanyaji wapigiwe simu mbele watu hawajachuma, juu tunda lililochumwa linapaswa kumenywa siku ile ile.

2. Vilima vigawane siku za kuleta. Tunda likiwa mtini linaweza kungoja siku mbili tatu. Likiwa ndani ya mfuko haliwezi.

3. Kila loti iwe na fishi yake: tarehe, kilima, kilo, saa ya kuingia basini, namba ya meza. Fishi isafiri pamoja na kahawa, isilale ofisini.

4. Ubao utundikwe ukutani, mstari mmoja kwa kila meza, na kila memba aweze kuusoma. Meza ikipita siku zake, shefu wa kituo aulize: ni mvua? Kahawa haigeuzwi? Lakini isiondolewe mbichi. Unyevu ufike kati ya 10 na 12 kwa 100.

Mvua ikizidi na kukausha kukichukua siku 20, kipimo kinashuka: kilo 750 kwa siku. Mpango ubadilike pamoja na hewa.

Sasa turudi kwa deni. Kituo hicho kikiongeza meza 15 za mbao na wavu, kitapokea kilo 1500 kwa siku badala ya 1000. Kikiongeza mashine ya pili, kitabaki na kilo 1000 zile zile, na deni juu yake.

Hesabu hii fanyeni na namba za kituo chenu, mulete jibu katika mkutano mkuu mbele ya kupiga kura.