Nyangumi Anayeshuka Chini Kama Watu wa Shimo

Nani kati yetu angelipa feza ili ajitupe mu maji karibu na kiboko wa Lufira? Hata mutoto atajibu: hakuna. Maji ya kwetu tunayajua. Kiboko anapindua pirogi, mamba anangojea kwenye kivuko, na mwenye akili anaoga pale watu wengi wanafua nguo. Lakini iko kisiwa kimoja mbali sana, katika bahari ya Karibea, ambako wageni wanafika kutoka Ulaya na Amerika, wanalipa feza mingi, wanapanda mashua, kisha wanaingia mu bahari wazi pamoja na nyama mwenye urefu wa mita 11. Wanaume wa aina yake wanafika hata mita 16. Je, ni wazimu, ao iko maana ndani yake?

Nyama huyo ni nyangumi wa aina ile Wafaransa wanaita kashalo. Kisiwa ni Dominica, kati ya Guadeloupe na Martinique. Ni inchi ndogo iliyopata uhuru wake mwaka 1978; watu wake wote, kama 70,000, hawajazi hata komini moja kubwa ya Lubumbashi. Milima yake ilitoka katika moto wa chini ya dunia, na chini ya maji mulima unaendelea kushuka kwa mbio. Mashua haina haja ya kwenda mbali: kilometa chache tu kutoka inchi kavu, bahari imekuwa shimo refu kabisa. Na kashalo anapenda shimo refu, juu chakula chake kiko chini.

Hapa watu wa migodi watatuelewa haraka kuliko wengine. Shimo namba 5 la Kipushi linashuka mita 1,240. Wale walioshuka mule wanajua namna mutu anasaidiwa: kamba ya chuma inamushusha, taa inamuangazia njia, mashini inamuletea hewa. Kashalo anashuka mita 1,000, na wakati mwingine anapita, lakini hana kamba, hana taa, hana mashini. Ana pumzi moja tu aliyovuta juu. Na pumzi ile inapaswa kumutosha dakika 40, 50, mara ingine hata saa moja nzima.

Maana nyangumi si samaki. Anavuta hewa kama sisi, anazaa, ananyonyesha. Anawezaje basi? Siri yake haiko mu mapafu. Mapafu yake yanabanwa na uzito wa maji mpaka yanakunjana. Oksijeni anaiweka katika damu na katika nyama ya mwili wake, ambayo ni nyeusi sana kwa sababu hiyo. Moyo unapiga polepole, kusudi asitumie hewa bure. Na katika giza lile la chini anaona kwa masikio: anapiga sauti, tak, tak, tak, kisha anasikiliza namna sauti inamurudilia kutoka kwa ngisi, nyama laini wa bahari mwenye mikono mingi, anayemutafuta ili amule.

Kiisha kazi anapanda. Anakaa juu ya maji karibu dakika 10, akipuliza na kuvuta, akipuliza na kuvuta, mpaka damu yake inajaa tena. Halafu anainua mukia juu na kushuka mara ingine. Maisha yake ni hayo, mchana na usiku: zamu ndefu chini, mapumziko mafupi juu.

Sasa tuangalie vizuri: ni dakika zile 10 ndizo wageni wanakuja kutafuta. Hawawezi kumufuata chini. Wanamungojea pale anapopanda, wakati amechoka na anahitaji hewa.

Ndiyo sababu safari ile ina sheria kali. Si kila mwenye mashua anaweza kupeleka watu. Shurti apate ruhusa ya serikali. Kapiteni anashusha ndani ya maji chombo cha kusikilizia, anategea sikio. Kama tak-tak inaendelea, nyangumi yuko kazini. Kama imenyamaza, labda anapanda. Mashua inapunguza mwendo na kukaa mbali. Wageni wanaingia wachache tu kwa mara moja, pamoja na kiongozi anayejua kazi. Wanateleza mu maji taratibu, hapana kuruka. Wanavaa kioo cha macho, mupira wa kupumulia na viatu vya kuogelea. Chupa za hewa hawabebi. Hapana kumukimbilia, hapana kumukatia njia, hapana kumugusa. Akigeuka na kwenda zake, imekwisha. Mugeni amelipa, ndiyo, lakini nyangumi hakutia sahihi kwenye mukataba wowote.

Na wale wanaopata baraka wanaona nini? Wanaona jamaa. Kashalo wake wanaishi pamoja: nyanya, mama, mabinti na watoto. Wanaume wakikomaa wanaondoka kwenda bahari za baridi, wanarudi kwa kutafuta wake. Mutoto mudogo hawezi kushuka kwenye shimo refu. Basi mama anaposhuka kutafuta chakula, mama mukubwa ao mama mudogo anabaki juu na mutoto. Mama wangapi wa kwetu wanalea namna hii, mumoja akienda soko na mwingine akibaki na watoto wote wa lupango! Wana hata luga yao: wanapigiana sauti kwa mapigo yaliyopangwa, na kila kabila la nyangumi lina mapigo yake. Mu mwezi wa 7 mwaka 2023, wataalam waliokuwa Dominica waliona mama mumoja akizaa. Wenzake walikusanyika na kumuinua mutoto juu ya maji ili avute pumzi yake ya kwanza.

Lakini watu hawakumuendea nyangumi kwa kumuangalia tu. Kwa miaka mingi walimuendea na mukuki. Ndani ya kichwa cha kashalo muna mafuta mengi, na mafuta yale yaliwasha taa za nyumba na kulainisha mashini za viwanda vya Ulaya na Amerika. Waliwaua mpaka bahari zingine zikabaki karibu tupu. Uwindaji wa biashara ulisimamishwa mwaka 1986 kwa mapatano ya inchi nyingi.

Mwezi wa 11 mwaka 2023, serikali ya Dominica ilitangaza kwamba itatenga karibu kilometa 800 za mraba za bahari yake kwa ajili ya kashalo. Hesabu yao ni rahisi: nyangumi aliyekufa anauzwa mara moja, aliye hai analisha kapiteni, mupishi na mwenye oteli mwaka kwa mwaka. Ni kashalo kama 200 tu wanaopita na kukaa mu maji yale, na wataalam wameona kwamba jamaa zao zinapunguka. Meli kubwa zinawagonga, kamba za wavuvi zinawafunga, makelele ya mashini yanawasumbua. Na mashua za wageni nazo, zikizidi, zinaweza kuwa musumari mwingine: mashua tano zikimuzunguka, anaweza kushuka mbele ya kumaliza kupumua.

Sisi tunasema sheria ile ni ya haki, na tunajua juu ya nini. Mufanyakazi anayetoka chini ana deni moja tu la kudaiwa na watu wa juu: wamuache avute hewa. Hatumusimamishi pale mulangoni kwa maneno mingi, hatumuzuizi njia. Tunamupa maji, tunamupa nafasi akae. Kama inchi ndogo ile inaweza kuandika haki hiyo kwa ajili ya nyama wa bahari, na kuifuata hata siku ambayo wageni wenye feza wanangojea kwenye mashua, basi iko neno la kuiga. Kwetu pia, tembo wa Upemba wamebaki wachache. Na kwetu pia, kila siku, mutu anapanda kutoka shimo akihitaji kupumua.